Fundi mwenye nyundo mbili: kuunga picha nyingi za mahali pamoja

Swali: Habari yako, mwalimu. Baba yangu ni fundi wa bati pale Kamukunji, Nairobi. Ametengeneza masanduku ya shule tangu nikiwa mtoto, na Desemba hii anafunga kibanda arudi nyumbani Murang'a kupumzika. Nataka kumpa picha moja kubwa ya kibanda chake, yenye kila kitu ndani. Nilienda Jumamosi saa sita mchana nikapiga picha 72 kwa simu. Nilianza na panorama ya simu, ikamtoa baba na nyundo mbili na jirani yake bila kichwa. Nikajaribu kuziunga moja moja kwenye kompyuta: mbao za paa hazikutani, na kila picha ina rangi yake, hii ya manjano, hii ya samawati. Je, ninunue kamera nzuri? Au kuna programu ya kuziunga yenyewe? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Dada yangu, hongera kwa wazo, na pole kwa usiku uliokesha ukihangaika na mbao za paa. Usifute hata picha moja kati ya hizo 72. Kamera nayo usinunue, simu uliyo nayo inatosha. Kilichokuangusha ni saa uliyoenda, mahali miguu yako ilipokuwa, na kazi uliyoitarajia kompyuta ikufanyie. Yote matatu yanarekebishika kwa safari moja nyingine ya Kamukunji.

Nianze na ile nyundo ya pili, maana jibu lako limo humo. Panorama ya simu hukata vipande vyembamba vya picha kadiri unavyozungusha mkono, kisha huvigandisha kana kwamba vyote vilipigwa mara moja. Simu inachukulia kwamba mbele yako hakuna kinachosogea. Ukiwa Uhuru Park ukayapiga majengo ya mjini, hakuna neno, KICC haitembei. Lakini baba yako aliinua nyundo simu ilipokuwa inapita kichwani pake, akaishusha simu ilipofika mkononi. Simu ikaishona nyundo ya juu na nyundo ya chini kwenye bega moja, halafu ikauficha mshono. Na jirani yake aliinama tu kuokota msumari, basi akapoteza kichwa.

Sasa fikiria. Ni kweli nyundo ilipanda na kushuka mara nyingi ukiwa pale. Ni kweli pia kwamba jirani aliinama. Simu haikudanganya kuhusu hayo. Ilidanganya ilipojaribu kukuonyesha kwamba yote yalitokea sekunde moja. Kolaji unayoitafuta, yaani picha moja iliyoungwa kwa picha nyingi, inakwenda njia nyingine kabisa: inaacha mipaka ya picha ionekane, ili anayetazama ajue ulisimama pale, ukatazama huku, ukatazama kule, na muda ukapita. Mshono ukionekana, nyundo mbili si kosa tena. Ni mapigo mawili.

Aliyeipa njia hii jina kubwa ni mchoraji Mwingereza David Hockney, mzaliwa wa Bradford. Mwaka 1982 alianza kupanga picha za Polaroid, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, kama vigae. Zile zina ukingo mweupe, kwa hiyo zilikaa safu kwa safu kama dirisha la vioo vingi. Mwaka huo huo akahamia kwenye picha za kawaida za kuosha, na hapo ndipo zikaanza kupandiana na kufunikana. Kazi yake inayojulikana kuliko zote ni ya njia panda katika jangwa la California, aliyoipiga kati ya tarehe 11 na 18 Aprili 1986: mamia ya picha ndogo zikifanya mandhari moja. Jambo la kujifunza pale ni kwamba hakusimama mahali pamoja. Alikisogelea kibao cha barabarani, akapanda ngazi akakipiga uso kwa uso. Makopo yaliyotupwa chini akayainamia. Ukiitazama unahisi umeutembelea ule mchanga kwa miguu yako.

Nakueleza habari za Hockney kwa sababu ushauri wangu wa kwanza utaonekana kumpinga. Nitakuambia usiihamishe simu mahali pake hata kidogo, halafu nitakuambia utembee. Kwa mpangilio huo. Picha yako itakuwa na mifupa, yaani picha za kibanda kizima, na nyama, yaani picha za karibu, na kila kimoja kina zamu yake.

Mifupa kwanza. Mbao za paa zilikataa kukutana kwa sababu ulikuwa unasogea bila kujua. Jaribu hivi sasa hapo ulipokaa: nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kulia, kisha lifungue ufunge la kushoto. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma unabaki palepale. Macho yako yameachana kwa sentimita sita au saba tu. Kibandani ulihama zaidi ya hapo. Tuseme ulijisogeza sentimita 30 ili umpishe mteja. Sanduku lililoning'inia mita moja na nusu mbele yako likahama nyuzi 11 hivi, na ukuta ulio mita sita ukahama nyuzi 3. Tofauti ni nyuzi 8. Picha moja ya simu iliyovutwa mara mbili ina upana wa nyuzi 38 hivi, kwa hiyo sanduku limetoka mahali pake kwa karibu sehemu ya tano ya picha nzima. Hakuna programu itakayokurudishia hiyo, kwa sababu nyuma ya sanduku sasa kinaonekana kitu ambacho mwanzo hakikuonekana.

Dawa yake wanayo mafundi wenyewe. Muombe baba yako timazi, au funga nati kwenye uzi, uzi uufunge kwenye simu ili nati ining'inie karibu na sakafu. Chini chora msalaba kwa chaki. Kila unapogeuza simu, nati ibaki juu ya msalaba. Utashangaa: hutaweza kufanya hivyo kwa kuzungusha mikono kama kawaida, itabidi mwili wako ndio uizunguke simu, hatua ndogo ndogo, kama mtu anayezunguka mlingoti. Ndivyo inavyotakiwa. Simu ni mlingoti.

Tumia lenzi ya kawaida ikiwa imevutwa mara mbili, hata kama simu yako huvuta kwa kukata tu. Ile lenzi pana sana inayokuonyesha chumba kizima iache. Pembeni inavuta vitu, sufuria ya mviringo inakuwa yai, na yai haliungani na mviringo wa picha inayofuata. Anza juu kushoto, nenda kulia, teremka, rudi kushoto, kama unavyosoma gazeti. Kila picha ifunike theluthi ya ile iliyotangulia. Namna nyepesi ya kulipima hilo ni kuchagua kitu kilicho theluthi ya mwisho upande wa kulia wa picha, kwa mfano bawaba ya sanduku, kisha geuka mpaka bawaba ile ile ifike theluthi ya kwanza upande wa kushoto. Ukifanya hivyo kwa kibanda kinachoenea nyuzi 120 kwa upana na 70 kwenda juu, utapata picha tano kwa safu na safu nne. Ishirini tu. Zipige kwa dakika tano au sita bila kusimama kuzungumza na mtu, na ukimaliza zirudie zote mara ya pili. Katika zile 72 zako naamini zilizoweza kuwa mifupa hazikufika kumi, na si kwa uchache, ni kwa kukosa mpangilio.

Sasa rangi, ambayo ndiyo iliyokutesa zaidi. Simu inaamua yenyewe rangi nyeupe ni ipi, kila picha upya. Ukiielekeza kwenye turubai la samawati la jirani, inaona samawati imezidi, inamwaga manjano. Ukiigeuza kwenye bati lenye kutu, inaona wekundu umezidi, inamwaga samawati. Kwa picha moja inasaidia. Kwa picha ishirini zinazokaa ubavu kwa ubavu ni balaa, kwa sababu ukuta mmoja unapata rangi nne. Wengi hufikiri kubonyeza kidole kwa muda mrefu kwenye kioo mpaka kufuli itokee kunatosha. Kufuli hiyo hushika mwangaza na fokasi, lakini kwenye simu nyingi rangi inabaki huru. Fungua ile sehemu ya kamera ambayo unaweka kila kitu kwa mkono. Kama simu yako haina, zipo programu za bure zinazoifanya kazi hiyo. Mizani ya rangi (WB) iweke Kelvin 5500 uiache hapo. Shata, yaani muda kamera inaobaki wazi, weka 1/60 ya sekunde ili nyundo ionyeshe ukungu kidogo wa mwendo. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, pandisha mpaka bati jipya lililo penye mwanga lianze kukaribia weupe, halafu shusha kidogo. Kivuli kikiwa kizito usijali, kivuli hupandishwa baadaye. Bati lililokwisha kuungua kuwa jeupe tupu halirudi. Zima HDR (simu kuchanganya picha za mwangaza tofauti), zima urembo wa uso, zima kila kinachojidai kujua unapiga nini. Ukishaweka namba hizo, usiziguse mpaka mifupa iishe.

Namba peke yake hazikuokoi na jua la saa sita. Paa la kibanda bila shaka lina matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu linatupa shilingi ya mwanga chini. Shilingi hizo zinatembea. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 5 kwa dakika 20. Likiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi, na paa likiwa mita tatu juu, doa la mwanga chini linaweza kusogea karibu nusu mita kwa dakika hizo 20. Ulipoanza lilikuwa kwenye kiatu cha baba, ulipomaliza lilikuwa kwenye ndoo. Na Nairobi, kwa kuwa tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini ya ikweta, jua halipandi kwa uvivu. Saa tatu asubuhi limeshakuwa kali. Ungekuwa na uhuru wa mwezi, ningekutuma Julai, wakati mawingu hukaa juu ya mji siku nzima na kivuli ni kimoja tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa kuwa huna, nenda siku yenye mawingu, au fika saa moja na nusu, wakati mafundi wanafungua na moshi wa chai haujaisha. Wapigapicha wengi hulalamika mawingu yanaua picha. Kwa kazi hii mawingu ni rafiki yako mkubwa.

Mifupa ikishakaa salama ndani ya simu, fungua uzi, futa msalaba. Sasa tembea.

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko mahali pengine pote, hata saa mbili. Mifupa inamwambia mtu kibanda kilikaaje. Nyama inamwambia baba yako alikuwa nani ndani yake. Sogea mpaka mkono wake ujaze kioo. Piga nyundo ikiwa juu, piga ikiwa imegusa bati, piga mkono wa kushoto unaoshika, maana mkono huo ndio unaojua bati lizungushwe kiasi gani na watu huusahau. Piga kile chuma anachofulia bati, ukikitazama kwa juu, uone jinsi kilivyong'aa katikati na kushika kutu pembeni. Piga makasi ya bati na mahali kidole gumba kimelamba rangi ya mpini. Piga masanduku yaliyokwisha, lile la samawati na lile jeusi lenye maua, yapige kwa mbele kabisa, uso kwa uso, kama Hockney na kibao chake. Piga kufuli. Piga kalenda ya ukutani na tarehe ya siku hiyo. Inama upige viatu vyake na vipande vya bati vilivyozizunguka soli kama maganda ya viazi.

Yeye mwenyewe aonekane zaidi ya mara moja. Nakuomba usiogope hilo. Mara moja akipiga nyundo, mara moja akiwa amepima bati na kipande cha chaki mdomoni, mara moja amekaa juu ya sanduku na kikombe chake saa nne. Baba watatu katika kibanda kimoja, na kila mtu anayemjua ataelewa bila kuelezwa kwamba hiyo ilikuwa asubuhi yake. Picha moja ya kawaida haiwezi kusema hivyo, ndiyo maana kazi hii inastahili usumbufu wake. Sharti moja tu: uso usikatwe na ukingo. Kila uso uupe picha yake, uso uwe katikati, na nafasi kuuzunguka. Mkono unaweza kukatwa kiwikoni na mwingine ukaendelezea. Bati vivyo hivyo. Uso uliokatwa puani ukaungwa na pua nyingine unaumiza macho, na katika zawadi ya kumuaga mzazi hautapendeza kabisa.

Mwangaza ukibadilika kidogo katika zamu hii ya pili, wacha ubadilike. Kipande kidogo chenye jua la saa nne kikikaa juu ya kibanda cha saa mbili, jicho linasoma muda. Rangi tu ndiyo ibaki pale pale 5500.

Halafu majirani. Usiwapige kwa mbali kama wezi wa sura. Baba yako akutembeze kwanza, awaambie hii ni ya nini. Wengi watafurahi, mmoja atakataa, na huyo atoke kwenye picha hata kama kibanda chake kiko katikati. Subiri aende kunywa chai. Picha ya ukutani nyumbani ni jambo la familia, lakini ukija kutaka kuiuza au kuitumia kwa matangazo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu na utahitaji ridhaa zao.

Uliuliza kuhusu programu. Kuna ya bure iitwayo Hugin ambayo inatafuta nukta zinazofanana kati ya picha na kuziunga bila mshono, na inafanya kazi nzuri kuliko panorama ya simu. Ukitaka mandhari ya mlimani itumie. Kwa kibanda cha baba yako nakushauri uiache, au uitumie kwa mifupa peke yake kama ramani. Kazi yenyewe ifanye kwa mkono kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nayo ni ya bure. Kabla ya kufungua chochote, punguza ukubwa. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inakula takriban megabaiti 48 za kumbukumbu ikifunguliwa kama tabaka, na 60 za namna hiyo zinakaribia gigabaiti tatu; kompyuta ndogo itakwama, na huenda hilo lilikukuta. Zipunguze ziwe 800 kwa 600, kila moja itakula chini ya megabaiti mbili. Fungua ukurasa mtupu mkubwa, ingiza picha zote kama matabaka, na unapolinganisha mbili fifisha ile ya juu nusu ili uione ya chini kupitia kwake. Zikikutana, irudishie uzito wake wote. Usilainishe kingo.

Hata hivyo, ningekuwa wewe, kompyuta ningeitumia kujaribu tu. Picha ya mwisho ningeiunga kwa karatasi, juu ya sakafu ya sebule, meza zikiwa zimesogezwa na watoto wamelala. Kwenye kioo unaona kipande kimoja kwa wakati. Sakafuni unazunguka, unapiga magoti, unasimama juu ya kiti na kutazama chini, na mkono unajua mapema kuliko kichwa kwamba ile picha ya makasi inataka kwenda kushoto kidogo.

Oshea picha zako saizi ya 4R, yaani sentimita 15 kwa 10, karatasi isiyong'aa. Ziko studio nyingi za kuosha hapo mjini, na kuna mambo mawili ya kuwaambia kabla mashine haijaanza. La kwanza, picha za simu ni nene kwa umbo kuliko karatasi ya 4R, kwa hiyo mashine itakata sehemu ya tisa ya urefu wa kwenda juu. Kwa kuwa ulifunikanisha kwa theluthi, bado utabaki na robo, inatosha. La pili ni zito zaidi. Waombe wazime marekebisho ya rangi ya mashine. Niliwahi kupeleka picha 48 za ukuta mmoja mrefu wa karakana, zote zimepigwa kwa namba zile zile, nikarudi jioni nikakuta ukuta una rangi nane. Mashine ilikuwa imeipima kila picha peke yake na kuirekebisha kwa nia njema, kosa lile lile la simu yako, sasa juu ya karatasi. Nililipa mara mbili. Tangu siku hiyo huwa naosha picha tatu kwanza, moja yenye giza, moja yenye mwanga, moja ya kati, naziweka ubavu kwa ubavu mlangoni penye mwanga wa nje. Zikilingana ndipo natoa zilizobaki.

Mifupa ishirini ikiungwa itakupa kama sentimita 55 kwa 32. Ukiona ni ndogo, oshea 5R, upana ufike 65. Panga mifupa yote kwanza bila gundi. Anza katikati, pale chuma cha kufulia kilipo, utoke nje. Makosa madogo ya milimita yanalimbikizana ukielekea pembeni, na pembeni hayaumi. Ukianza na kona yatakusanyikia usoni pa baba. Mbao za paa zisipokutana kwa nusu sentimita, ziache. Zisipokutana kwa sentimita tatu, huo ni mguu uliohama, chukua picha ya raundi ya pili, ndiyo maana nilikuambia uzirudie.

Kisha mwaga nyama. Picha za karibu zitakuwa na vitu vikubwa kuliko vilivyo kwenye mifupa, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa mkono wa fundi ni mkubwa machoni pa mtoto wake. Kwa jicho langu, kitu kikizidi ukubwa wake wa mifupa kwa mara moja na nusu bado ni cha familia. Kikifika mara mbili kinaanza kuwa picha nyingine iliyobandikwa juu. Usiinamishe picha sana kutafuta mistari ikutane. Nyuzi tatu nne zinatosha, zaidi ya hapo kibanda kinaonekana kimepigwa na upepo. Usizikate kwa makasi. Pembe nne za kila picha ndizo zinazomwambia mtu kwamba hapa ulitazama. Na ukingo wa nje wa kazi nzima uuache ule usawa wake wa ajabu, hapa umetokeza, hapa umebonyea. Ukiulazimisha uwe mraba utapoteza vile viatu vya chini.

Vipande vingine havitapata mahali. Nadhani utabaki na nusu ya ulizopiga. Na hapo rudi kwenye zile 72 za Jumamosi ile: rangi zake hazitakubaliana na hizi mpya, lakini pitia, kwa sababu uso wake akicheka saa sita huenda usiupate tena. Kipande kimoja chenye manjano ya mchana, kikiwa ni kicheko, weka.

Ukiridhika, usiguse gundi siku hiyo. Piga picha ya sakafu nzima kutoka juu ya kiti, lala, asubuhi itazame tena. Kila picha ibandike namba nyuma kwa kijikaratasi. Kalamu ya wino haikauki vizuri nyuma ya karatasi ya picha na inachafua iliyo chini yake. Gundi nyeupe ya maji usiitumie, inaikunja karatasi na baada ya wiki pembe zinainuka. Tumia utepe wenye gundi pande mbili, juu ya ubao mgumu uliopakwa rangi ya kijivu. Anza na zilizo chini kabisa ya rundo, panda juu, uso wa baba wa mwisho.

Fremu usinunue. Mpe baba yako vipimo, sentimita tano zaidi kila upande, mwambie ni kazi ya mteja wa Umoja. Bati analo, makasi anayo, na kona za sanduku anazikunja vizuri kuliko fundi yeyote wa fremu mjini.